UCHAMBUZI: Homa Bay yaota meli za watalii, lakini nani atafuta safari ziwa likichafuka?

ASUBUHI kabla ya saa tatu, maji katika mlango wa Mbita aghalabu huwa yametulia kama yaliyo mtungini. Mashua kutoka kisiwa cha Mfangano huwasili zikiwa zimesheheni wafanyabiashara, wanafunzi, wagonjwa wanaotafuta matibabu bara na magunia ya omena. Kufikia saa nane mchana, maji hayo hayo huwa yamegeuka. Upepo wa magharibi huwa umeamka, mawimbi yana vilele vyeupe, na nahodha aliyekuwa akipiga soga asubuhi sasa hunyamaza akikodolea macho upande wa Rusinga.

Abiria wa kila siku wanayajua haya na wamezoea kuishi nayo. Mgeni hayajui. Ni kwa sababu hiyo ndoto ya kuvigeuza visiwa vya Homa Bay kuwa vituo vya meli za watalii inahitaji kutazamwa kwa jicho pevu kuliko lile la wapiga picha za matangazo.

Ndoto yenyewe si ya mzaha. Mnamo Juni 1, 2025, Sikukuu ya Madaraka iliadhimishwa kitaifa mjini Homa Bay chini ya kaulimbiu ya uchumi wa majini na masuala ya ubaharia. Rais William Ruto aliongoza sherehe hizo na Gavana Gladys Wanga akawa mwenyeji. Kwa kaunti iliyokuwa na wakazi 1,131,950 katika sensa ya 2019, wengi wao wakitegemea uvuvi na mashamba madogo, ahadi ya fedha mpya kutoka ziwani ni jambo la kupokewa kwa mikono miwili.

Wala haikosi msingi. Kisiwani Rusinga kuna kaburi la Tom Mboya, waziri aliyeuawa kwa risasi jijini Nairobi mnamo Julai 5, 1969. Ni katika kisiwa hicho hicho ambapo Mary Leakey aligundua mwaka wa 1948 fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi mamilioni ya miaka iliyopita. Mfangano ina michoro ya kale kwenye miamba ya Kwitone na Mawanga, ambayo Wasuba wameitunza kwa heshima ya mahali patakatifu. Bara kuna mbuga ya Ruma, makao ya swara aina ya korongo ambaye ni nadra sana kuonekana kwingineko nchini.

Ukiviweka vivutio hivyo kwenye ramani, chombo kimoja chaweza kuvizungukia vyote kwa siku mbili au tatu. Kwa miaka mingi watalii wenye fedha wamekuwa wakiletwa Rusinga na Mfangano kwa ndege ndogo kutoka Maasai Mara, wakivua mbuta na kurejea walikotoka. Mwananchi wa kawaida aliona ndege tu ikipita. Meli ingekuwa na faida tofauti, kwa kuwa abiria wake hushuka gatini, hutembea sokoni, hununua vikapu na samaki, na huhitaji waongoza wageni, waendesha bodaboda na wapishi.

Lakini meli ya watalii si hoteli inayoelea tu. Kazi yake ngumu zaidi ni ile ya dakika chache ambazo abiria hutoka chomboni na kukanyaga nchi kavu. Penye gati refu na maji ya kina, kazi hiyo ni nyepesi. Pasipokuwa na gati, meli hutia nanga mbali na ufuo, abiria wakashushwa kwenye boti ndogo, na hapo ndipo upepo huwa na kauli ya mwisho. Chombo kikubwa chaweza kustahimili mawimbi bila kutikisika sana huku kijiboti kilicho ubavuni mwake kikipanda na kushuka kiasi kwamba hakuna mzee awezaye kuvuka kutoka kimoja hadi kingine.

Kisiwa cha St Helena, eneo la ng'ambo la Uingereza katikati ya Atlantiki ya Kusini, ni funzo linalofaa kusomwa na kila mpangaji wa maendeleo. Kwa karne nyingi kilifikika kwa meli pekee. Katika mji wake mkuu, Jamestown, wageni hushuka kutoka kwenye boti kwa kushika kamba zilizoning'inizwa juu ya ngazi za gati, na si mara moja wala mbili meli za watalii zimefika hapo, zikautazama mji kwa mbali kisha zikaondoka bila kumshusha mtu kwa sababu ya mawimbi.

Uingereza iliamua kuimaliza shida hiyo kwa kujenga uwanja wa ndege uliogharimu takriban pauni milioni 285. Uwanja ulipokamilika mwaka wa 2016, ufunguzi uliahirishwa. Ilibainika kwamba upepo katika eneo hilo la majabali hubadili kasi na mwelekeo kwa ghafla, hali inayohatarisha ndege zinazotua. Safari za kawaida za abiria hazikuanza hadi Oktoba 2017, tena kwa ndege ndogo kuliko zilizokusudiwa. Mabilioni yalikuwa yamezikwa kwenye lami kabla ya upepo kuulizwa maoni yake.

Homa Bay haina Atlantiki, naam. Ina kitu kingine ambacho wengi walio mbali hukidharau.

Mkazi wa Mombasa au Lamu anapozungumzia upepo, huzungumzia majira. Kuna kaskazi na kuna kusi, na mabaharia wa mwambao walijua mwezi wa kwenda na mwezi wa kurudi. Katika Ziwa Victoria, upepo hupimwa kwa saa. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake ikapaa, na hewa baridi kutoka ziwani ikakimbilia kujaza nafasi hiyo. Usiku mambo hugeuka: ardhi hupoa upesi, na upepo ukavuma kutoka bara kuelekea ziwani, ambako hukutana na upepo wa kutoka ng'ambo nyingine na kuzaa mvua za radi katikati ya maji usiku wa manane hadi alfajiri.

Wavuvi wa zamani waliufanya utaratibu huo kuwa ratiba yao. Walitweka tanga alfajiri wakasukumwa na upepo wa bara hadi kwenye samaki, kisha upepo wa ziwa ukawarudisha nyumbani alasiri. Injini ilipokuja iliwaondolea utumwa wa upepo, lakini pia iliwaondolea nidhamu yake. Leo mashua huondoka saa yoyote inapojaa abiria.

Jiografia ya eneo hilo huongeza chumvi kwenye kidonda. Ghuba ya Winam ni ya maji ya kina kifupi, mita chache tu katika sehemu nyingi, na mawimbi ya maji mafupi huwa mafupi, makali na ya kufuatana, tofauti na mawimbi marefu ya bahari kuu ambayo chombo huyapanda na kuyashuka kwa utulivu. Ukishapita Rusinga kuelekea magharibi, ghuba huisha na ziwa lenyewe huanza. Hapo hakuna kizuizi hadi upande wa Uganda na Tanzania. Ziwa hili lina ukubwa wa takriban kilomita mraba 68,800, na katika upana wake mkubwa linafikia kilomita 240 hivi. Upepo uliosafiri juu ya maji kwa umbali huo huja na mawimbi ambayo mgeni huyafikiria kuwa ya baharini.

Mfangano imekaa papo hapo mpakani, mguu mmoja kwenye ghuba na mwingine kwenye ziwa wazi. Mlima ulio katikati ya kisiwa huukinga upande wa mashariki dhidi ya upepo wa mchana, ilhali upande wa magharibi huupokea wote kifuani. Mtu anayepanga mahali pa kushushia watalii bila kuzingatia jambo hilo dogo atajenga gati litakalofanya kazi nusu ya siku.

Asubuhi nayo haina dhamana ya asilimia mia. Radi zilizozaliwa ziwani usiku hutupa upepo wa ghafla mbele yake, na upepo huo waweza kuikuta mashua ya alfajiri ikiwa katikati ya safari. Wavuvi wa omena, ambao hufanya kazi usiku wakitumia taa, ndio hulipia zaidi.

Usafiri wa meli hapa si jambo jipya. SS William Mackinnon, ambayo vipande vyake vilibebwa kutoka pwani na kuunganishwa ukingoni mwa ziwa, ilishushwa majini Kisumu mwaka wa 1900, kabla reli haijafika. Zikafuata nyingine kadhaa, miongoni mwao SS Usoga ya 1913 na SS Rusinga ya 1914, na wasafiri wa kizungu wa enzi hizo walizunguka ziwa zima kwa meli za reli wakiandika barua za sifa kwa jamaa zao. Baadaye, meli ndogo za shirika la reli ziliiunganisha Kisumu na magati ya Kendu Bay, Homa Bay, Asembo na Mbita. Wazee wengi wa Nyanza Kusini walikwenda shuleni na sokoni kwa meli hizo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977, meli kubwa ziligawanywa: Kenya ikabaki na MV Uhuru, Tanzania ikachukua MV Victoria na MV Umoja, nayo Uganda ikawa na zake. Zile ndogo za ghuba zilizeeka bila warithi huku barabara na matatu zikichukua abiria.

Kisha likaja gugumaji. Kufikia mwaka wa 1998, magugu hayo yalikadiriwa kufunika takriban hekta 17,000 katika ghuba ya Winam. Wadudu maalumu wanaoyala walisaidia kuyapunguza, lakini hayajawahi kuondoka kabisa, na yamekuwa yakirejea kila mvua kubwa zinapoyapelekea ziwa mbolea kutoka mashambani. Jambo ambalo hotuba nyingi husahau ni kwamba gugumaji halina makao. Ni upepo unaolihamisha. Gati lililo wazi Jumatatu laweza kuamka Jumanne likiwa limezingirwa na zulia la kijani ambalo injini ya mashua haiwezi kulipasua. Tuta lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuunganisha Rusinga na bara lilizuia maji kupita na likalaumiwa kwa kuifanya hali kuwa mbaya zaidi, hadi lilipobadilishwa kwa daraja katika miaka ya 2010.

Maji yenyewe pia hupanda na kushuka. Mnamo Mei 2020, kina cha ziwa kilivunja rekodi iliyokuwa imedumu tangu 1964, na fuo nyingi za Homa Bay na Migori zikamezwa pamoja na vibanda, vyoo na mahali pa kuegesha mashua. Mwaka wa 2024 maji yakapanda tena. Mhandisi anayechora gati la meli za kitalii kwa vipimo vya mwaka wa kawaida anachora kitu kitakachohitaji kuchorwa upya.

Hayo yote, hata hivyo, ni mambo ya saruji na vyuma, na fedha zikipatikana hutatuliwa. Mataifa ya ziwa hili yameonyesha kwamba yaweza kujenga. MV Uhuru ilifufuliwa mwishoni mwa 2019 baada ya kulala kwa miaka mingi, na kampuni ya serikali ya kuunda meli ikajenga MV Uhuru II pale pale Kisumu. Tanzania iliifanyia MV Victoria ukarabati, na Februari 2023 ikaishusha majini MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92.6 na uwezo wa kubeba abiria 1,200.

Suala zito zaidi ni la mamlaka. Nani, katika gati la Mbita au la Homa Bay, ana uwezo wa kusema "leo hatuendi" na akatiiwa?

Itakumbukwa kuwa ajali kubwa za eneo hili hazikusababishwa na upepo peke yake, na baadhi yake hazikuhusu upepo hata kidogo. MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza mnamo Mei 21, 1996 na kuua mamia ya watu ikiwa imebeba abiria kupita kiasi. MV Nyerere ilipinduka mnamo Septemba 20, 2018 ikikaribia kisiwa cha Ukara. Ilikuwa na idhini ya kubeba watu 101. Waliokufa pekee walikuwa zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Rais wa Tanzania wakati huo, John Magufuli, alieleza taifa kwamba nahodha hakuwa chomboni na usukani ulikuwa umeachiwa mtu asiye na mafunzo.

Miezi miwili baadaye, Novemba 24, 2018, ikafuata ajali ambayo inafaa kuzingatiwa zaidi na wanaoota utalii. MV Templar ilikuwa chombo cha starehe upande wa Uganda. Waliopanda hawakuwa wakienda sokoni wala hospitalini. Walikuwa wakistarehe kwa muziki jioni ya Jumamosi. Chombo kilizama karibu na ufuo wa Mukono, na zaidi ya watu 30 wakafa. Maafisa wa Uganda walisema kilikuwa kibovu, hakikuwa na leseni, kilikuwa kimejaa kupita kiasi na hali ya hewa ilikuwa mbaya. Kila moja ya sababu hizo ilitosha kufuta safari. Zote nne zilikutana na bado chombo kiling'oa nanga.

Upande wa bahari, MV Skagit ilizama mnamo Julai 18, 2012 karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja ikiwa na zaidi ya watu 200. Ulikuwa msimu wa kusi na upepo ulikuwa mkali. Chombo hicho kiliundwa mwaka wa 1989 kwa ajili ya maji yaliyokingwa ya jimbo la Washington, Marekani, kabla ya kuuzwa na kuletwa Afrika Mashariki. Wanaonunua boti za mitumba kwa ajili ya utalii wa ziwani hawana budi kuuliza ziliundwa kwa maji gani.

Katika kampuni kubwa za meli za kitalii, nahodha anayeona upepo umezidi hukipita kisiwa na kuelekea bandari inayofuata. Abiria hununa. Wengine huandika malalamiko. Lakini nahodha hafutwi kazi, wala mshahara wake haukatwi, kwa sababu uwezekano wa kukosa kisiwa umekwisha kuhesabiwa ndani ya nauli na umeandikwa kwenye tiketi. Gharama ya tahadhari imegawanywa kwa maelfu ya watu hata hakuna anayeihisi.

Mwenye mashua ya Mbita hana bahati hiyo. Akikataa kuondoka alasiri, hasara yote ni yake. Petroli amekwisha kununua, mkopo wa injini haujui upepo, na vijana wake wawili wanataka ujira wa siku. Abiria nao humgeuka. Kuna aliyeuza samaki wake na hana pa kulala mjini. Kuna anayewahi mazishi. Kuna mama aliyeacha watoto kisiwani. Wakimwona akisita, humwambia waziwazi kwamba mwenzake aliye kando yuko tayari kuondoka. Na kweli mwenzake huondoka, kwani nauli za watu wawili ni bora kuliko ya mmoja. Aliyekuwa na busara hubaki gatini na mfuko mtupu, na kesho yake hurudia kosa la mwenzake ili asichekwe tena.

Kwa hivyo kumlaumu nahodha kwa tamaa ni kusema nusu ya ukweli. Amewekwa mahali ambapo tahadhari ni anasa.

Taarifa za hali ya hewa zimeimarika, na wanaostahili sifa wapewe. Kati ya 2017 na 2021, chini ya mradi uliofadhiliwa na Uingereza na kusimamiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, idara za utabiri za Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda zilishirikiana kutoa utabiri maalumu wa ziwa mara mbili kwa siku, ukieleza kasi ya upepo, urefu wa mawimbi na uwezekano wa radi kwa kila eneo. Rada ya Mwanza ilitumika. Redio za lugha za wenyeji na vikundi vya usimamizi wa fuo, maarufu kama BMU, vilisambaza taarifa hizo, na tathmini ya mradi ilikadiria kuwa ajali za vifo zilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa ziwa ambalo mara kwa mara hutajwa kuua watu kati ya 3,000 na 5,000 kwa mwaka, hata kama idadi hiyo inabishaniwa, hayo ni mafanikio makubwa.

Lakini utabiri ni ushauri tu. Humwambia nahodha kwamba mchana utakuwa mbaya, haumlipii petroli. Halmashauri ya Ubaharia ya Kenya ina wakaguzi wenye uwezo wa kisheria, na Kikosi cha Walinzi wa Pwani kilichozinduliwa mwaka wa 2018 kina kazi pia ziwani. Fuo, hata hivyo, ni nyingi na visiwa viko mbali. Mkaguzi akiwa Mbita, mashua yaweza kuondokea ufuo mwingine.

Hapa ndipo utalii ungeweza kuwa na maana kwa mwananchi kuliko mauzo ya vikapu. Mwendeshaji wa chombo cha kitalii atahitaji bima, na kampuni ya bima haitampa bila kuona utaratibu: kipimo cha upepo gatini, bendera au taa inayoonekana na kila mtu, na afisa ambaye neno lake ni la mwisho. Utaratibu huo ukiwekwa kwa ajili ya mgeni, hakuna sababu ya kuunyima mashua ya Sena iliyo hatua kumi kando. Ada ndogo kwa kila mtalii ingeweza kuingia katika hazina ya kuwafidia wenye mashua waliosajiliwa siku ambazo bendera nyekundu imepandishwa, angalau gharama ya petroli na ujira wa vijana. Kisingizio cha njaa kingeondoka, na anayekaidi angebaki bila utetezi.

Wapo watakaosema fidia ya namna hiyo itazaa udanganyifu, kwamba watu watasajili mashua zisizoelea ili wale fedha za bure. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, hasa kwa anayekumbuka jinsi hazina nyingine za umma zilivyotafunwa. Ila idadi ya mashua za abiria kati ya Mbita, Takawiri na Mfangano yaweza kuhesabiwa kwa asubuhi moja na kamati ya ufuo inayowajua wenyewe kwa majina.

Ratiba nayo haigharimu chochote. Ikiwa upepo una saa zake, ziara za watalii zaweza kupangwa zimalizike kabla ya adhuhuri, wageni wakala chakula cha mchana na kulala kisiwani, wakaondoka kesho yake baada ya utabiri wa asubuhi kusomwa. Wenye nyumba za wageni Mfangano hawangelalamika. Mipango mingi ya ziara za siku moja hufanya kinyume: hufika saa nne, huzunguka, hula, kisha huondoka saa tisa, wakati ule ule ambao wenyeji wenye hiari wamekwisha kuvuta mashua zao pwani.

Ugumu zaidi uko kusini, katika kaunti jirani ya Migori. Kutoka Muhuru Bay kuelekea Migingo, kisiwa kidogo cha mawe ambacho Kenya na Uganda zimekuwa zikikizozania tangu miaka ya 2000, hakuna ghuba ya kumkinga mtu wala kisiwa cha kujificha njiani. Ni ziwa wazi mwanzo hadi mwisho. Wavuvi na wachuuzi huvuka kila siku, na mzozo wa mpaka umezungumzwa katika mabunge mawili bila mtu kuuliza wanavuka na nini. Hakuna anayeota kupeleka meli ya watalii huko. Hiyo ina maana kwamba hakuna kampuni ya bima itakayodai bendera wala kipimo cha upepo Muhuru, na fedha za kuviweka, iwapo vitawekwa, itabidi zitoke Nairobi au katika bajeti ya kaunti.